Kubadilisha dawa ya tezi ya shingo: ipi inamfaa nani, na lini ubaki na uliyonayo

Wanaotumia dawa kwa sababu tezi yao ya shingo, thairoidi, imepungua nguvu hufikia wazo la kubadilisha dawa kwa njia tatu. Wa kwanza amefika dukani akaambiwa boksi lake halipo, akapewa la kampuni nyingine. Wa pili amemeza vidonge miezi na miezi lakini mwili bado mzito, choo kigumu, nywele zinabaki kwenye kitana, na kwenye joto la kaskazi la Malindi yeye anajifunika shuka. Wa tatu ametumiwa ujumbe na ndugu aliye ng'ambo kwamba kuna dawa "ya asili" inayoshinda hii ya hospitali.

Mimi nauza dawa Amu, yaani mji wa Lamu, upande wa Langoni, na watatu hawa nawajua vizuri. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani: wengi wanaotaka kuhama dawa hawahitaji dawa nyingine. Wanahitaji kumeza ile ile kwa saa inayofaa na kukaa na kampuni moja. Lakini wapo wachache ambao kuhama ni jambo la kufikiriwa kwa dhati, na hao wasirudishwe nyumbani kwa maneno ya "kipimo chako kizuri, huna kitu". Mtu anayesema amechoka, amechoka.

Kinachobadilishwa ni nini hasa

Tezi ya thairoidi hutoa homoni mbili, T4 na T3. T4 ndiyo nyingi lakini imepoa. T3 ni kidogo lakini ndiyo inayofanya kazi ndani ya mwili. Sehemu kubwa ya T3, kama asilimia 80, haitoki kwenye tezi yenyewe. Mwili huitengeneza kutoka kwa T4, kwenye ini, figo na kwingineko. Ndiyo maana dawa ya kawaida, levothairoksini, ni T4 tupu, na kwa watu wengi inatosha: unampa mwili mali ghafi, wenyewe unajitengenezea kilichobaki.

Kipimo cha TSH ndicho kinachotuambia kama imetosha, nacho husomwa kinyume na wengi. TSH hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuisukuma thairoidi ifanye kazi. Homoni ikipungua, TSH hupanda. Kwa hiyo TSH ya juu maana yake dawa haijatosha, na TSH ya chini sana maana yake imezidi. Maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida karibu na 0.4 hadi 4, lakini soma mipaka iliyoandikwa kwenye karatasi yako mwenyewe. Nimeona watu wakipunguza vidonge kwa hiari yao kwa kuwa "namba imepanda", na kuzidi kuugua.

Kampuni moja dhidi ya nyingine

Huku ndiko kuhama kunakotokea mara nyingi zaidi, tena bila mgonjwa kuamua. Euthyrox imekwisha, anapewa Eltroxin. Mwezi ujao zote hazipo, anapewa boksi la jeneriki, dawa ile ile isiyo na jina kubwa. Ndani yake ni dawa ile ile, levothairoksini, mikrogramu zile zile. Tofauti iko kwenye vile vinavyoshikilia kidonge: laktosi (sukari ya maziwa), manitoli, wanga, rangi. Hivyo haviponyi chochote, lakini vinaweza kubadilisha kiasi cha dawa kinachoingia kwenye damu.

Kwa dawa nyingi tofauti hiyo si kitu. Kwa hii ni kitu, kwa sababu dozi ya tezi haina nafasi kubwa ya kuyumba. Marekani, mamlaka ya dawa, FDA, iliona mwaka 2007 kwamba vidonge hivi vinahitaji masharti makali zaidi, ikaamua kila kidonge kibaki na nguvu kati ya asilimia 95 na 105 ya kilichoandikwa hadi siku ya kuharibika kwake. Ufaransa nayo ilipata funzo mwaka 2017: Levothyrox, jina ambalo Euthyrox hutumia kule, ilibadilishwa muundo, laktosi ikatolewa, manitoli na asidi ya sitriki vikawekwa, na maelfu ya wagonjwa wakalalamika uchovu, kizunguzungu, maumivu ya kichwa na nywele kunyonyoka. Kuna waliosema ni hofu tu. Mimi nawaamini wagonjwa kiasi hiki: dozi iliyokuwa imekaa sawa kwa miaka inaweza kuhitaji kupimwa upya ikiwa kidonge kimebadilika, na haigharimu heshima ya mtu yeyote kulikubali hilo. Uingereza, mamlaka ya dawa ilitoa mwongozo mwaka 2021 kwamba mgonjwa anayepata taabu kila akibadilishiwa kampuni aandikiwe dawa ya kampuni moja na apewe hiyo hiyo.

Sasa, ipi bora, ya jina kubwa au jeneriki? Kwetu huku swali hilo mimi naligeuza. Ni ipi utaipata mwaka mzima? Mzigo wa Amu hupitia Mokowe na kuvuka kwa mashua. Wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini husafiri tena baharini. Dawa ghali inayopatikana miezi minane kati ya kumi na miwili ni mbaya kuliko jeneriki ya bei nafuu isiyokosekana, kwa sababu ile minne iliyobaki utakuwa unarukaruka. Muulize mwenye duka kabla hujaanza: "Hii unaiagiza kila mara, au imeingia tu safari hii?" Akikujibu kwa kusitasita, chagua nyingine. Na ukishachagua, nunua ya mwezi mmoja mbele, hasa wakati wa kusi ambapo bahari ya nje inachafuka.

Sababu nzuri za kuhama kampuni zipo. Laktosi ikikupa gesi na kuharisha, tafuta iliyo na manitoli. Kuna watu rangi za vidonge huwawasha ngozi. Hawa mara nyingi hupewa kidonge cheupe cha mikrogramu 50 na kupangiwa kwa hesabu, viwili kwa siku au kimoja na nusu. Kuna pia levothairoksini ya maji na ya kapsuli laini, inayowafaa wenye matumbo yasiyonyonya dawa vizuri. Si kitu utakachokikuta kila duka, na kwa Mwislamu kapsuli huleta swali la jelatini imetoka kwa mnyama gani; muulize mfamasia akusomee karatasi ya ndani.

Jambo jingine linalofichwa na neno "dawa imenikataa" ni joto. Mama mmoja wa Faza aliniletea vidonge vyake vimefungwa kwenye karatasi ya plastiki, vimetolewa vyote kwenye vifungashio vyake vya kiwandani ili visichukue nafasi mkobani.

"Mwanangu, hizi za sasa hazina nguvu. Nipe zile za kwanza."

"Mamangu, hebu nivione." Vilikuwa vimelainika pembeni, vingine vimeacha unga mweupe kwenye plastiki. "Huviweka wapi?"

"Jikoni, juu ya kabati. Watoto wasifike."

Dawa ilikuwa ya kampuni ile ile aliyoanza nayo. Levothairoksini huharibiwa na joto, mwanga na unyevu, na jiko la Faza lina vyote vitatu. Hakuhitaji kuhama. Alihitaji boksi jipya, vidonge vikae ndani ya kifungashio chake mpaka saa ya kumezwa, na boksi likae chumba cha kulala, mbali na dirisha. Boksi nyingi huandikwa zisizidi nyuzi 25 au 30; soma lako, kwa sababu kampuni hazifanani.

Saa moja dhidi ya nyingine

Kabla ya kulinganisha aina za dawa, linganisha saa za kumeza. Hapa ndipo ninapoona nafuu nyingi zaidi kwa gharama ndogo zaidi.

Levothairoksini ikiingia kwenye tumbo tupu, mwili huchukua kama asilimia 60 hadi 80. Ikikuta chakula, hupungua. Kahawa huipunguza, hata isiyo na sukari wala maziwa. Maziwa na kalisiamu huishika. Vidonge vya damu, vile vya madini ya chuma vinavyotolewa kliniki kwa wajawazito, huishika zaidi, na ndivyo mama wengi huvimeza pamoja na dawa ya tezi kwa sababu vyote "ni vya asubuhi". Vidonge hivyo vya damu na vya kalisiamu, pamoja na dawa za kiungulia za kutafuna, viachane na dawa ya tezi kwa saa nne. Omeprazoli ni kesi nyingine: hata ukitenganisha saa, hupunguza asidi ya tumbo siku nzima, na dozi ya tezi inaweza kuhitaji kuongezwa.

Njia ya asubuhi ni kumeza kwa maji matupu, kisha kusubiri nusu saa, vizuri zaidi saa nzima, kabla ya chai na mahamri. Kwa anayeamka kwa swala ya alfajiri hii ni rahisi mno: meza unapoamka kutawadha, nenda msikitini, soma uradi wako, na ukirudi barazani kwa kahawa saa imeshapita. Anayeamka na kuanza kukanda unga na kuonja huku na huku ndiye mwenye taabu. Huyo afikirie usiku.

Njia ya usiku ni kumeza wakati wa kulala, saa tatu baada ya chakula cha mwisho. Si njia ya watu wavivu. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 uliwakuta waliomeza usiku na viwango vizuri vya homoni kuliko waliomeza asubuhi. Kikwazo ni desturi zetu. Nyumba inayokula baada ya Isha na kulala saa nne haina saa tatu hizo. Kwa Malindi, ambako wengi wanaofanya kazi mahotelini hula mapema au kwa zamu, nimeona usiku ukiwafaa zaidi. Kwa Amu, wengi wao nawaambia wakae na alfajiri.

Ramadhani hubadilisha yote. Unaweza kumeza wakati wa adhana ya Magharibi kwa maji na kusubiri kabla ya tende na futari. Unaweza kumeza usiku ukiwa umekaa saa tatu bila kula. Au uamke nusu saa kabla ya daku, umeze, kisha ule. Tafiti hazijampa mshindi mmoja. La kwanza ni gumu kwa mtu aliyeshinda na njaa, na sinia limetandikwa mbele yake. La pili huvunjwa na vitafunio vya baada ya tarawehe, kwani usiku wa Ramadhani kwetu mdomo haupumziki. Mimi huchagua la tatu, kengele ya simu iwekwe nusu saa kabla ya ile ya daku. Chochote utakachochagua, kishike mwezi mzima, na anayefahamu kuwa Ramadhani humyumbisha apime TSH baada ya Idi.

Aliyepanga saa zake vizuri kwa wiki sita hadi nane, akapima, TSH ikawa pahali pake, na bado hajisikii vizuri, huyo sasa ana sababu ya kusoma sehemu inayofuata. Lakini kwanza apimwe na mengine: damu pungufu, vitamini D, vitamini B12, kisukari, usingizi unaokatika kwa kukoroma, huzuni iliyozidi. Dalili za tezi hazina alama ya kuzitofautisha na hizo.

T4 peke yake, T4 na T3, au tezi ya mnyama

| | T4 peke yake | T4 na T3 pamoja | Tezi ya nguruwe iliyokaushwa |
|---|---|---|---|
| Kumeza kwa siku | Mara moja | T4 mara moja, T3 mara mbili | Mara moja au mbili |
| Muda wa nusu ya dawa kutoka mwilini | Kama siku 7 | T3 kama siku 1 | T4 na T3 zimo zote |
| Ukisahau siku moja | Hutaona tofauti | Unaweza kuihisi | Unaweza kuihisi |
| Mjamzito | Inafaa | Haishauriwi | Haishauriwi |
| Kuipata pwani | Maduka makubwa ya dawa | Adimu | Huletwa na jamaa kutoka ng'ambo |

Jedwali hilo halisemi lililo kubwa zaidi, nalo ni jinsi mtu anavyojisikia. T4 hupanda polepole na kukaa. Ndiyo maana ni dawa ya kuvumilia safari, mashua iliyochelewa na kichwa kilichosahau. T3, inayoitwa liothaironini, hufika kileleni ndani ya saa chache: kuna wanaosema ndiyo mara ya kwanza kujisikia macho yamefunguka, na kuna ambao moyo huwadunda mpaka wakakaa kitako. Mtu mmoja anaweza kuyapata yote mawili kwa siku moja.

Utafiti wa mwaka 1999 ndio ulioamsha hamu ya kuchanganya T4 na T3, kwa kuwa wagonjwa wachache waliopewa mchanganyiko walijisikia vizuri zaidi. Tafiti nyingi zilizofuata hazikupata tofauti kwa kundi zima, ingawa baadhi ya wagonjwa waliendelea kuupendelea. Wataalamu wa tezi wa Ulaya walitoa mwongozo mwaka 2012 ambao kwangu una busara: mchanganyiko ujaribiwe tu kwa aliyekaa na TSH nzuri na bado ana dalili, chini ya mtaalamu, T4 iwe mara 13 hadi 20 ya T3, na baada ya miezi mitatu kusipokuwa na nafuu uachwe. Napenda kwamba unampa mgonjwa nafasi na pia unampa tarehe ya mwisho.

T3 peke yake, bila T4, siishauri kama dawa ya kudumu. Ina kazi yake maalumu, kwa mfano kwa muda mfupi kwa wagonjwa wa saratani ya tezi wanaotayarishwa kwa iodini ya mionzi. Kwa maisha ya kila siku inapanda na kushuka mno.

Tezi iliyokaushwa, kama ile ya Armour Thyroid, ndiyo inayoitwa "ya asili". Na historia yake ni ya heshima. Mwaka 1891 daktari wa Kiingereza, George Murray, alimdunga mwanamke aliyevimba na kulegea kwa ugonjwa huu maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tezi ya kondoo, na mwanamke huyo akaishi miaka 28 zaidi. Kabla ya hapo ugonjwa huu uliua polepole na hakuna aliyejua la kufanya. T4 yenyewe ilitengwa na Edward Kendall katika hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, siku ya Krismasi 1914, na ikatengenezwa maabara mwaka 1927. Kwa hiyo tezi ya mnyama ni dawa ya kweli, haiko kundi moja na maji ya kuzugia watu.

Shida zake ni nyingine. Kidonge cha miligramu 60 kina karibu mikrogramu 38 za T4 na 9 za T3, yaani T3 moja kwa kila T4 nne hivi. Tezi ya binadamu hutoa T4 nyingi zaidi kwa kila T3, kiasi cha 14 kwa moja. Kwa hiyo hicho kinachoitwa cha asili ni cha asili kwa nguruwe. Moyo wa mtu mzima hulihisi hilo. Pia nguvu yake huyumba: mwaka 2020 matoleo kadhaa ya dawa ya aina hii yalirudishwa Marekani kwa kuwa yalizidi nguvu iliyoandikwa. Na hata huko Marekani inakouzwa zaidi, FDA haijawahi kuiidhinisha.

Sitaficha upande wa pili. Utafiti wa mwaka 2013 katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed uliwapa wagonjwa 70 dawa zote mbili kwa zamu, bila wao kujua wanameza ipi. Karibu nusu waliipendelea tezi iliyokaushwa, na chini ya moja ya tano waliipendelea levothairoksini. Waliobaki hawakuona tofauti. Vipimo vya dalili na hali ya maisha kwa jumla havikutofautiana, lakini upendeleo huo ulikuwepo na hauwezi kufutwa kwa kupunga mkono.

Kisha liko hili ambalo makala za ng'ambo hulipita kwa mstari mmoja. Dawa hii ni ya nguruwe. Hapa Amu na Malindi, ambako kwa nyumba nyingi hilo ni swali la kwanza, ndugu anayetuma kopo kutoka ng'ambo pengine hata hakusoma kibandiko. Anayeuza dawa ana wajibu wa kumwambia mnunuzi kabla hajalipa. Hukumu ya dharura ni ya masheikh na mimi siitoi, ila naweza kusema ukweli wa dawa ambao sheikh atautaka: levothairoksini ya kutengenezwa ipo, inafanya kazi, na ikihitajika T3 nayo ipo ya kutengenezwa. Mwambie hivyo unapomuuliza. Na hata levothairoksini, mwenye kutaka uhakika asome vilivyo ndani yake. Hata vidonge vikavu vingine, Euthyrox kwa mfano, vina jelatini.

Jeli ya mwani inayozungushwa kwenye WhatsApp kama tiba ya tezi haimo kwenye ulinganisho huu kabisa. Haina homoni. Ina iodini, tena kwa kiasi kisichopimika, na iodini nyingi inaweza kuizidishia maradhi tezi iliyo mgonjwa. Chumvi yetu ya dukani tayari ina iodini. Muhogo nao, unaosemwa kuwa husumbua tezi, usiuogope. Anayekunywa homoni yake vizuri anaweza kula muhogo wa nazi bila wasiwasi.

Nani abaki, nani ahame

Mjamzito abaki na T4 au arudi kwayo, na hapa sina mjadala. Ubongo wa mtoto katika miezi ya mwanzo hutegemea T4 ya mama, na T3 haimfikii mtoto kwa kiasi kinachotosha. Anayetumia mchanganyiko au tezi iliyokaushwa na anapanga kupata mtoto azungumze na daktari mapema. Mahitaji ya dawa nayo hupanda mara tu mimba inapoingia, kwa robo au zaidi. Mwongozo unaotumiwa na madaktari wengi ni kuongeza vidonge viwili kwa wiki, yaani tisa badala ya saba, pindi kipimo cha mimba kinapoonyesha ndiyo, kisha kwenda kupima TSH. Kubaliana na daktari wako kuhusu hilo kabla, ili usiwe unatafuta mashua ya kwenda kuuliza.

Mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo au mapigo yasiyo sawa, akae mbali na T3 ya aina yoyote isipokuwa mtaalamu wa moyo amekubali. Hata T4 huanzishiwa kidogo, mikrogramu 12.5 au 25, na kupandishwa taratibu, ilhali kijana mwenye afya hukadiriwa mikrogramu 1.6 kwa kila kilo, kama 100 kwa mtu wa kilo 60. Dawa ikizidi kwa muda mrefu huleta mapigo ya ovyo na hudhoofisha mifupa, hasa kwa akina mama waliokoma hedhi.

Aliyeanza dawa nyingine hivi karibuni aangalie huko kabla ya kulaumu dawa ya tezi. Rifampisini ya kifua kikuu na dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini humaliza homoni haraka, kwa hiyo dozi ya zamani haitoshi tena. Baadhi ya dawa za kifua kikuu sugu huidhoofisha tezi yenyewe. Na mama ambaye tatizo lake lilianza baada ya kutokwa na damu nyingi kwenye uzazi, maziwa yakakosa kutoka na hedhi ikakatika, amwambie daktari hivyo hivyo: tatizo laweza kuwa kwenye tezi ya chini ya ubongo, TSH haimfai kama kipimo, na kuna homoni nyingine ya kurekebishwa kabla ya T4.

Aliyebaki, mwenye moyo mzima, asiye na mimba, mwenye TSH nzuri na saa nzuri na bado anaburura miguu, huyo namuunga mkono aombe kuonana na mtaalamu wa homoni na azungumze juu ya kuongezewa T3 kwa majaribio. Mara nyingi safari hiyo ni ya Mombasa. Aulize kabisa kabla ya kuanza: nitaipata wapi mwezi wa pili na wa tatu? Jaribio linalokatika katikati kwa kukosa dawa halimwambii yeye wala daktari chochote.

Ukishaamua kuhama

Usichanganye mabadiliko mawili. Anayebadilisha kampuni, akahamisha saa na kuongeza dozi wiki moja, hatajua kamwe kilichomsaidia. Usirundike dawa ya zamani na mpya pamoja kwa kuogopa "kukatika". T4 ya zamani bado imo mwilini wiki kadhaa baada ya kuacha, ndiyo maana pia unavyojisikia siku ya tatu si hukumu ya dawa mpya. Ukipata vipele au tumbo kuchafuka mapema, hayo huenda ni ya vile vilivyomo kwenye kidonge, na ni haki kuyaripoti. Moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, kifua kubana au pumzi kukatika si vya kusubiri miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na boksi mkononi.

Andika tarehe ya kuanza juu ya boksi kwa kalamu, na jina la kampuni kwenye simu, kwa kuwa "kile kidonge cheupe" hakimsaidii mtu wa zamu. Pima TSH baada ya wiki sita hadi nane, maabara ile ile uliyopimia mwanzo, asubuhi kabla ya kumeza kidonge cha siku hiyo. Anayetumia bayotini, ile ya nywele na kucha, aiache angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu, kwa sababu huvuruga mashine na kutoa namba zisizo zake.